Bizimu ya askari: springi au bawaba?

Ndugu zangu, nianze na herufi saba: AVCISSA (husomwa Aucissa, V ikiwa U). Zimepigwa chapa kichwani mwa bizimu ndogo, urefu kama sentimita 5, iliyofunga joho begani. Kwa kawaida jina hilo husomwa kuwa la fundi au karakana, na asili yake ni Galia, yaani Ufaransa ya leo na majirani zake. Walioivaa zaidi bizimu hii ni askari wa Roma, ndiyo maana bizimu hizi zimeokotwa tangu Uingereza hadi Mashariki ya Kati. Ni za enzi ya Augustus, kaisari wa kwanza wa Roma, hadi katikati ya karne ya 1 BK.

Tazameni picha. Mgongo umepinda nusu duara kwa sababu chini yake inakaa mikunjo ya sufu nzito. Kichwani, metali imeviringishwa ikawa mrija, mhimili umepita ndani, na sindano inazunguka hapo. Bawaba, kama ya mlango wako wa nyumbani!

Sasa hii nyingine, aina ya Colchester, iliyovaliwa kusini-mashariki mwa Uingereza hata kabla ya uvamizi wa Roma mwaka 43 BK. Mgongo, springi na sindano vyote vimefuliwa kutoka kipande kimoja, bila kiungo. Kwangu mimi huyu ndiye fundi hasa. Ila springi ikikatika, umekwisha. Ya bawaba unachomoa mhimili, unatia sindano mpya, safari inaendelea. Askari aliye mbali na kwao angechagua ipi?

Halafu rangi. Nyingi za Aucissa ni za shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, metali ileile ya sarafu za Kirumi za sestertius, na zikiwa mpya ziling'aa kama dhahabu. Kuipata kulitaka ujanja: zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za selsiasi, kabla shaba haijayeyuka. Ukiacha chungu wazi, yote inapaa. Basi walifungia shaba, mawe ya zinki na makaa ndani ya chungu, mvuke ukakosa pa kutokea ukapenya kwenye shaba. (Wanakemia mnatabasamu, nawaona.)

Nyingi hufukuliwa zikiwa hazina sindano. Hii ninayoipitisha ni nakala. Bonyezeni ncha ya sindano polepole, mtajua wenyewe inapoanza kuchoka.