Karatasi ya Henchard

Assalaamu alaykum. Nawashukuru mliofika hapa Wete jioni hii, na hali najua wengine karafuu zingali jamvini.

Riwaya ya Thomas Hardy, *The Mayor of Casterbridge*, ilitoka Uingereza mwaka 1886. Michael Henchard, kijana wa miaka 21, analewa gulioni, anamuuza mkewe pamoja na mtoto mchanga kwa baharia, Newson, kwa gini tano, pesa za Kiingereza za zamani. Asubuhi anaapa kanisani: miaka 21 hatogusa ulevi. Kiapo anakitimiza. Anakuwa tajiri wa nafaka na meya wa mji.

Sasa sikilizeni, nyinyi mnaoanika. Nani hajaanua karafuu mbio, kisha wingu likapita bila tone? Henchard anamwendea mtabiri kwa siri, anaambiwa mwisho wa Agosti ni mvua na tufani. Ananunua nafaka bila kipimo, akitaraji bei ipande. Jua likawaka, bei ikaanguka, akauza kwa hasara. Alipokwisha kuuza, mvua ikaja.

Wengi husema hapo kudra imemwangusha. Mimi sikubali. Mvua ilimchukulia mali; watu aliwafukuza mwenyewe. Farfrae, Mskochi aliyempenda kama ndugu, Henchard alimwachisha kazi kwa wivu. Newson alipokuja kumtafuta binti yake mwenyewe, Elizabeth-Jane, aliyezaa na mke yule baada ya mtoto wa Henchard kufa, Henchard akamwambia amekufa, na alisema hivyo kwa kumpenda huyo mtoto! Hakujua kupenda ila kwa kumiliki. Mkono uliouza mke ndio uliomficha binti.

Nikiisoma, husimama kwa Abel Whittle. Kibarua huyu alikuwa mchelewaji, hata siku moja Henchard akamtoa kitandani na kumpeleka kazini bila suruali, watu wanatazama. Sijui fedheha iliyozidi hiyo. Lakini Henchard huyohuyo alikuwa akimpelekea mama yake Whittle makaa ya mawe wakati wa baridi. Whittle hakusahau. Henchard anapouhama mji, hana mali wala jina, Whittle yuko nyuma yake. Anafukuzwa, harudi. Anamuuguza kibandani mpaka anakata roho.

Elizabeth-Jane na Farfrae, ambao wameshaoana, wanafika wakiwa wamechelewa. Kichwani mwa kitanda marehemu amebandika wasia: asipigiwe kengele, kaburini pasipandwe maua, na asikumbukwe na mtu yeyote. Whittle anawaambia kuna karatasi, ila yeye hajui kusoma, kwa hiyo hajui imeandikwa nini. Anakimbia ndani kuwaletea, anatoka nayo mkononi, imekunjamana.