Darasa la Pili: Kujumlisha, Kutoa na Kuungama

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Kuna mama yuko Ohio katuandikia. Mwanawe anaingia darasa la pili, shule ya Kikatoliki, na kila mzazi anayekutana naye anamwambia ajiandae. Kaka Deo, darasa la pili lina nini?

DEO: Lina Komunyo ya kwanza, dada: mtoto anaungama, yaani anamwambia padre dhambi zake, kisha anapokea Ekaristi, mkate mtakatifu wa Misa, kwa mara ya kwanza. Kwa Marekani ndiyo hapo kwa kawaida, mtoto ana miaka 7 au 8. Sisi Tanzania wengi tuliipata baadaye kidogo, tena kwa katekista, mwalimu wa dini, parokiani, mmebanana kwenye benchi. Huku mwalimu yuleyule wa hesabu ndiye anayewafundisha Amri Kumi.

REHEMA: Miaka saba! Si bado anang'oka meno?

DEO: (anacheka) Lawama mpelekee Papa Pius wa Kumi. Zamani watoto walingojeshwa mpaka miaka 10, 12, hata 14. Agosti 1910 ikatoka hati ya Quam singulari: mtoto akifika umri wa kutumia akili, kama miaka saba hivi, na akajua Ekaristi si mkate wa kawaida, asizuiwe.

REHEMA: Mimi Mwislamu niliyesoma kwa masista, kiti cha maungamo nakijua kwa nje tu. Hawa wadogo wanaungama nini hasa?

DEO: Kazi ya mwaka iko hapo. Kuungama lazima kutangulie Komunyo, kwa hiyo mara nyingi wanaungama wakati wa Majilio, yale majuma ya kabla ya Krismasi, au Kwaresima, Komunyo inakuja baada ya Pasaka. Sasa mwalimu mzuri anawapa visa. Umemwaga maziwa kwa bahati mbaya, ni dhambi? Hapana. Umeyamwaga makusudi mdogo wako asinywe? Umesahau kazi ya nyumbani? Umeificha, halafu ukasema umesahau? Wanabishana hao, utadhani mahakamani!

REHEMA: Kumbe wanafundishwa kuangalia nia.

DEO: Nia, na kurekebisha. Umechukua penseli ya mwenzio, irudishe. Mimi naona hilo ni zito kuliko yote wanayosoma mwaka ule. Sisi tulikariri maswali na majibu, basi.

REHEMA: Na masomo ya kawaida?

DEO: Yapo, na hayatofautiani sana na ya shule za serikali. Kujumlisha na kutoa ndani ya mia, namba hadi elfu, kusoma saa kwa dakika tano tano, kuhesabu sarafu. Kusoma ndiko kunakopanda: wanaanza vitabu vilivyogawanywa sura kwa sura.

REHEMA: Mazoezi ya Komunyo nayo?

DEO: Wanaonjeshwa hostia, vile vimkate vyembamba vya Komunyo, ambazo hazijawekwa wakfu. Uwaone wanavyokunja uso! Anayepokea mkononi anafundishwa mkono wa kushoto juu ya wa kulia, ule wa chini ndio utakaookota.

REHEMA: Sala ya kutubu je? Nyumbani ni Kiswahili, shuleni Kiingereza.

DEO: Asiwe na wasiwasi. "Mungu wangu, nimetubu sana niliyokosa kwako" inafika kwa lugha yoyote. Ila amzoeze na ile ya darasani, asije akababaika. Mapadre wengi wanamruhusu mtoto aisome kwenye karatasi.

REHEMA: Kama familia si Wakatoliki?

DEO: Wapo kibao. Wanasoma dini, wanakwenda Misa ya shule, lakini Komunyo hawapokei. Shule nyingi wanapita wamekunja mikono kifuani, padre anawabariki. Mzazi amwambie mtoto mapema. Siku wenzake wamevaa magauni meupe na tai si siku ya kuanza kueleza.

REHEMA: Kauliza pia ada.

DEO: Ohio kuna vocha za serikali ya jimbo za kusaidia kulipa ada, zinaitwa EdChoice. Tangu 2023 familia ya kipato chochote inaweza kuomba, ila kadiri kipato kinavyopanda, msaada unapungua. Aanzie ofisi ya shule, wao ndio wanaoshughulikia maombi.

REHEMA: Tunapumzika kidogo. Tukirudi, ni sare za shule na bei zake.