Vigae vya Nyumbani Navyo Vihesabiwe

Ndugu zangu, nitarudia neno nililokwisha kulisema sana, kwa sababu bado halijasikika. Mara nyingi ukiingia makumbusho ya pwani, sahani ya Kichina imewekwa kwenye kabati la kioo na kumulikwa taa. Chungu kilichofinyangwa hapa hapa kimo stoo, kwenye boksi. Kwa nini?

Wapo walioamini miji ya kale ya pwani yetu ilianzishwa na wageni, na vyungu vinasema vingine. Nazungumzia vyungu vya karne ya 7 hadi ya 10, vile vilivyochorwa pembetatu shingoni na kujazwa mistari ya mshazari. Vilifinyangwa kwa mkono, bila gurudumu. Vigae vyake, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, vimechimbuliwa Shanga, kisiwani Pate. Vimechimbuliwa Unguja Ukuu. Komoro vipo. Mtasema, hao wote ni watu wa bahari, walipeana mitindo kwa majahazi. Haya, Dakawa je? Dakawa ya Morogoro, mbali na bahari, huko nako vipo! Niambieni, mgeni wa kutoka Ghuba angejulia wapi kufinyanga chungu kilekile cha Dakawa? Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyechimba Kilwa na Manda, aliamini miji hii ya pwani ilianzishwa na wageni. Lakini mwanaakiolojia mwenzake, Mark Horton, alipochimba Shanga, kuanzia 1980, katika matabaka ya udongo ya chini, yaani ya zamani zaidi, alikuta alama za nyumba za miti na udongo, na vyungu vya kienyeji tele. Profesa Felix Chami naye ametetea hoja hii miaka mingi: waliojenga miji ni wenyeji, wakulima na wafua chuma wa huku huku. Ushahidi ni chungu, jamani, chungu!

Najua kuna atakayesema vyombo vya kigeni ndivyo vinavyotupa tarehe. Kweli, na sivikatai. Kauri ya Kichina tunajua ni ya enzi gani, kwa hiyo hutusaidia kukadiria umri wa tabaka. Lakini bakuli la kununuliwa linaonyesha biashara tu. Chungu chenye masizi kinaonyesha nani alikuwa akipika pale.

Nilitaka kufika kwenye vyungu vya Kwale, vya zamani zaidi, na vile vya Urewe kule Siaya. Muda hauniruhusu. Ila hili nalisisitiza: mkilima mkakuta kigae, msikiokote kwenda kupamba sebule. Kikishang'olewa mahali pake, hatujui tena kilikuwa tabaka gani wala kilikaa na nini. Tanzania ina sheria ya mambo ya kale tangu 1964. Kiacheni palepale, mkamwite ofisa wa mambo ya kale, hata kama hakina rangi wala haking'ai.