Dadu ya ludo inatosha: cha kuanzia kwenye gemu za kuigiza za mezani

Asanteni, asanteni, jamani kaeni basi, wa nyuma sogeeni huku mbele viti vipo. Kabla sijaanza... Paukwa! (Ukumbi: Pakawa!) Eeh, mnajua. Sasa bibi akishasema paukwa na wewe ukajibu pakawa kazi yako imeisha, unabaki kusikiliza tu, sungura anaenda kisimani unaona kabisa fisi kajificha pale na huna la kufanya. Gemu ninazozungumzia leo ni hivi, bibi anakatisha hadithi katikati anakugeukia anakwambia haya, sungura ni wewe, uko ukingoni mwa kisima, umesikia kitu kinapumua nyuma ya mti. Unafanya nini?

Hiyo ndo gemu yenyewe, vingine vyote ni vikorombwezo.

Nasema hivyo kwasababu kila mara kuna mtu ananifuata inboksi, kaka nataka kuanza kucheza D&D (Dungeons & Dragons hiyo, mojawapo ya hizi gemu) ninunue nini, alafu anatuma picha ya meza ya wazungu ina dadu za chuma, visanamu vya madragoni vimepakwa rangi, ramani, vitabu vitatu kila kimoja kama tofali. Mimi mwenyewe niliingia mkenge huo huo. Nilimwagiza mtu aniletee dadu kutoka nje, nikangoja miezi miwili, zikafika, saba, zinameremeta, nikazipanga mezani vizuri nikakaa nikaziangalia. Sina watu wa kucheza nao! (Kicheko) Dadu ninazo, watu sina.

Kwa hiyo anza na watu. Wachezaji watatu mpaka watano na mmoja wa kusimulia, basi. Na usitafute watu wanaopenda mambo ya majini na mapanga, tafuta watu wa maneno, wale mnaocheza nao karata, binamu yako mbishi. Mchezaji mzuri kuliko wote niliowahi kukaa nao meza moja ni dada mmoja fundi cherehani, hajui hata dragoni ni nini, lakini mara ya kwanza tu alipokutana na jambazi njiani akaanza kupatana naye bei ya kutuibia. Tukaibiwa nusu.

Dadu sasa. D&D ilitoka mwaka 1974 Marekani, mji mdogo unaitwa Lake Geneva huko Wisconsin, waliotunga ni Gary Gygax na Dave Arneson, watu waliokuwa wanacheza gemu za vita za vijeshi vidogo vya mezani, wakaona badala ya mtu mmoja kuongoza jeshi zima, awe mtu mmoja tu mwenye jina lake na njaa yake. Wakatumia dadu zenye pande nyingi, ya 4, ya 8, ya 12, na ile maarufu ya 20. Na dadu hizo zilikuwa shida kupatikana hata kwao, mpaka kwenye mwaka 1979 boksi la wanaoanza likawa linauzwa na vikaratasi vyenye namba, unakata, unatia kwenye kikombe, unachota. Wenye gemu wenyewe hao. Sasa wewe wa Tandika unalia nini?

Hiki hapa kikombe changu. Ndani kuna visoda ishirini, nimeandika na maka pen 1 mpaka 20. Unatikisa, unachota bila kuchungulia, unasoma, alafu UNARUDISHA. Narudia hapo kwenye kurudisha kwasababu sisi wiki ya kwanza tulikuwa haturudishi, tunaweka pembeni, sasa kufika mwisho wa gemu kikombeni vimebaki visoda vitatu na kila mtu anajua 20 bado imo, na namba kubwa ndo nzuri, watu wakaanza kugombania kupigana na bosi wa mwisho, yule adui mkubwa. Vurugu tupu.

Tujaribu. Wewe dada mwenye kilemba cha njano, njoo. Uko getini, mlinzi hataki upite. Unafanya nini? (Sauti: Namwambia mimi mkwe wa bosi wake.) Haha, haya. Karatasi yako, ile iliyoandikwa mhusika wako anaweza nini, inasema wewe maneno unayajua, una nyongeza ya 3. Huu uongo ni mgumu wa wastani, naweka 15 ndo ya kufikia. Kwa hiyo ukichota 12 au zaidi, jumlisha 3, umepita, ni visoda tisa kati ya ishirini, chini kidogo ya nusu kwa nusu. Chota. Ngapi? Saba! Na 3 ni kumi. Mlinzi anakuangalia juu mpaka chini, anakwambia bosi wangu hana mtoto wa kuoa wala wa kuolewa. (Kicheko)

Mmeona? Hakuna aliyesema "umeshindwa, kaa chini". Hadithi imezidi kunoga, na swali ni lile lile, unafanya nini sasa? Subiri hapo hapo dada nitarudi kwako.

Sheria. Januari 2023 wenye D&D waliziachia sheria za msingi kwa leseni ya Creative Commons, PDF ya bure, na leseni yenyewe inakuruhusu kutafsiri kwa Kiswahili na hata kuuza ilimradi utaje ulikotoa. Lakini ni kurasa kama mia nne hivi na mimi siwashauri muanzie hapo, mtu atasoma kurasa thelathini ataenda kuangalia mpira. Anzeni na gemu ya ukurasa mmoja. Ipo moja ya John Harper ya mwaka 2013, inaitwa Lasers & Feelings, bure, na inatumia dadu ya kawaida ya pande sita, ile ya ludo. Unachagua namba yako, kati ya 2 na 5. Ukifanya jambo la akili na mitambo unatakiwa upate chini ya namba yako, ukifanya jambo la moyo na ushawishi upate juu yake. Ukiwa na 4, fundi mzuri, ila kubembeleza huwezi, unahitaji 5 au 6. Ikitua kwenye 4 yenyewe umefaulu na unamuuliza msimulizi swali, anakujibu ukweli. Ile ya kwao ni chombo cha anga, sisi tukageuza jahazi linatoka Unguja na mzigo ambao hakuna anayejua ndani kuna nini, ikachezwa masaa mawili na nusu, mama mwenye nyumba akaja kutufukuza akakaa kusikiliza.

Kwa msimulizi: usiandike sana. Mara yangu ya kwanza niliandaa kurasa kumi na nne, kijiji, mfalme, ukoo wa mfalme mpaka kizazi cha tano. Wachezaji wakafika njia panda wakasema mfalme hatumtaki, tunaenda kuvua samaki. Jioni nzima! Siku hizi naandika vitu vitatu, nani anataka nini, nani anamzuia, na nini kitatokea wachezaji wasipofanya kitu.

Na muweke karatasi katikati ya meza imeandikwa X. Mambo yakifika mahali mtu hapapendi, labda msiba, labda ukatili fulani, anaigusa tu na mnaruka, haulizwi kwanini. Mimi nilidhani ni mambo ya kudekezana, mpaka siku moja kijana aliyefiwa karibuni akaigusa, tukaruka, tukaendelea, hakuna aliyejua mpaka kesho yake.

Eeh, kaka pale mkono juu. (Swali: Nyumbani wakisema ni mambo ya kishetani?) Marekani nao miaka ya 1980 kelele zilikuwa hizo hizo, wazazi mpaka kwenye televisheni. Mimi nilichofanya, nilimwita mama akae mezani. Alicheza mchuuzi wa dawa, akatukopesha, na mpaka leo anatudai sarafu arobaini za gemu, nikiomba nauli ananikumbusha.

Haya, dada wa kilemba bado yuko getini na mlinzi kamshtukia. Nahitaji watatu wengine waje wakae naye hapa, karatasi hizi, penseli hizi. Wewe, wewe, na kaka wa swali la shetani, njoo. Mlinzi ameshika filimbi, anataka kupuliza. Mnafanya nini?