Bahasha za Likeni za Usambara

Walimu wangu, ndugu zangu wa Tanga, nanyi wanafunzi mliokuja moja kwa moja kutoka darasani, hamjambo.

Hii niliyoishika ni Usnea, likeni inayoning'inia kama ndevu kwenye miti ya msitu wa Magamba, kule juu Lushoto. Ukiuvuta uzi wake polepole, ganda la nje linakatika, ndani unabaki uzi mweupe unaonyumbuka. Likeni si mmea. Ni kuvu iliyoungana na mwani: mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, kuvu hutoa makazi. Haina mizizi, hufyonza maji kwa mwili mzima pamoja na chochote kilichomo hewani, ndiyo maana hewa ikichafuka, Usnea huwa miongoni mwa wa kwanza kutoweka.

Kuihifadhi ni rahisi. Haigandamizwi kwenye magazeti kama majani. Huachwa ikauke, ikakunjiwa bahasha ya karatasi, ikawekwa kwenye friza kuua wadudu. Asidi zake hukaa miaka na miaka: chukua kipande kidogo kutoka bahasha ya zamani, kidondoshee tone la potashi (maji ya hidroksidi ya potasiamu), rangi inaweza kugeuka na kutenganisha spishi ambazo kwa macho zinafanana kabisa.

Sasa nisikilizeni hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Mjerumani Carl Holst alikusanya mimea na likeni Usambara. Likeni zilimfikia Johannes Müller, mtaalamu wa likeni wa Geneva, ambaye mwaka 1894 alichapisha maelezo yake, nyingine zikiwa mpya kwa sayansi. Machi 1943 mabomu yakaichoma hebaria ya Berlin, yaani ghala la vielelezo vilivyokaushwa, vikiwemo vya Usambara. Vielelezo vilivyopona ni pamoja na vile ambavyo nakala zake zilikuwa zimekwishapelekwa kwingine. Hata hebaria ya Amani, kituo cha utafiti cha Usambara Mashariki kilichoanzishwa mwaka 1902, baadaye ilihamishiwa Nairobi. Inaniuma kwamba mtoto wa Muheza akitaka kuhakiki jina la likeni ya mlima wa kwao, huenda ikambidi aombe ruhusa Ulaya.

Na bahasha bila lebo haina faida. Kuandika "Usambara" peke yake hakutoshi: Amani iko kama mita 900 kutoka usawa wa bahari, Magamba inapita 2,000, na likeni zake ni tofauti. Lebo za Wajerumani husema Wilhelmstal; ndiyo Lushoto hiyo hiyo. Vilima vingine havina jina kwenye ramani, lakini wazee wa Soni wanavijua. Waulizeni, muandike.

Mwenye kupanda Lushoto likizo hii aokote matawi yaliyoanguka, asibandue kwenye mti. Msitu wa hifadhi ni kwa kibali. Andika mti, mwinuko, tarehe na jina lako, ugawe sampuli mara mbili: moja lazima ibaki nchini, na Lushoto kuna hebaria ya misitu. Karatasi ziko mezani. Sogeeni, tukunje bahasha.