Mnunuzi wa Saa Kumi na Moja

Asalamu aleikum. Wazee wangu, viongozi wa timu za Malindi, na nyinyi vijana mlioketi huko nyuma, ahsanteni kwa kuja jioni hii.

Nimeombwa nizungumze juu ya madeni ya klabu. Nitaanzia Uingereza, kwa sababu kule daftari zilifunguliwa mbele ya watu, na kilichotokea kinajulikana hadi saa yake.

Kaskazini mwa Manchester kuna mji uitwao Bury. Timu yake ilianzishwa 1885, ikachukua Kombe la FA, lile kombe kubwa la mtoano la Uingereza, mara mbili, 1900 na 1903, na ile fainali ya pili waliwafunga Derby County mabao sita kwa bila. Sasa sikilizeni. Desemba 2018 klabu hiyo yote iliuzwa kwa pauni moja. Moja tu! Mnunuzi, Steve Dale, hakupewa zawadi. Alichukua klabu pamoja na madeni yake, na uwanja wenyewe, Gigg Lane, ulikuwa umeshawekwa rehani. Ukiona bei ndogo namna hiyo, jua bei halisi imeandikwa kwingine.

Linaloniuma zaidi ni kwamba uwanjani walikuwa wanafanya vizuri. Msimu ule ule walipanda daraja, na wachezaji mishahara yao hawakuiona kwa wakati. Mashabiki wanashangilia, msimamo wa ligi unapendeza, na ofisini kodi haijalipwa.

Julai 2019 wadai wakakubali mpango wa malipo. Hapa nataka tukae kidogo. Kanuni za soka la Uingereza zinasema wachezaji na klabu nyingine walipwe deni lao lote. Wadai wengine wasio na dhamana, yaani wasioshika rehani yoyote, kwa Bury waliahidiwa robo tu ya deni lao. Nao ni nani? Mtoza kodi, fundi, mwenye duka. Portsmouth, klabu ya kwanza ya Ligi Kuu ya kule kuwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi, yaani mtu wa nje anayeshika hesabu klabu ikishindwa kulipa, mwaka 2010, ilikuwa inadaiwa hata na St John Ambulance, watu wa kujitolea wanaohudumia walioumia. Mimi naiona kanuni hiyo ni dhuluma. Hapa kwetu mwenye gari aliyewapeleka Kilifi, na mama aliyewalisha mahamri na mbaazi kwa ahadi ya "mwisho wa mwezi", ndio wa kwanza kusahauliwa. Hawana kanuni wala wakili. Wana subira tu.

Turudi Bury. Wasimamizi wa ligi walitaka ushahidi kwamba fedha za kuendesha msimu zipo. Haukuletwa, na mechi zikaahirishwa moja baada ya nyingine. Mwishowe wakapewa muda wa mwisho: Agosti 27, saa kumi na moja jioni. Siku za mwisho ikajitokeza kampuni ya C&N Sporting Risk ikitaka kununua. Asubuhi ya siku yenyewe mashabiki walifika Gigg Lane kwa wingi wakafagia, wakasafisha viti, wakiamini Jumamosi kutakuwa na mechi. Alasiri kampuni ikajiondoa. Ilikuwa imeanza kupitia hesabu, na ilichokiona hakikuwezekana kutatuliwa kwa muda uliobaki. Usiku ule Bury ikafukuzwa kwenye ligi iliyocheza tangu 1894.

Na jirani zao Bolton, waliokuwa na tarehe za mwisho zao wenyewe? Kesho yake tu wakauzwa kwa Football Ventures, wakapona. Watu husema ni bahati. Mimi sikubaliani. Bolton ilikuwa chini ya msimamizi wa ufilisi tangu Mei, kwa hiyo mtu wa nje alikuwa ameshika daftari miezi kadhaa. Bury ilibaki mkononi mwa mwenyewe hadi saa ya mwisho. Mnunuzi anayekuja umebakiza siku mbili hawezi kuuliza maswali yake, na wewe huna tena ubavu wa kumuuliza yako. Utamkubali awaye yote. Mfa maji haachi kutapatapa.

Agosti hiyo hiyo, hapa Kenya, SportPesa, kampuni ya kamari ya michezo, iliondoa udhamini wake kwa ligi, kwa Gor Mahia na kwa AFC Leopards, baada ya mvutano na serikali juu ya leseni. Timu kubwa zenye mashabiki nchi nzima zikaanza kuhangaikia mishahara. Mfadhili mmoja alikuwa ndiye mguu pekee wa kusimamia.

Sisi wa pwani mguu huo tunaujua. Huja na jezi mpya karibu na kampeni, hulipa refa, huahidi basi. Uchaguzi ukipita simu haishikwi. Sisemi mkatae msaada, msinielewe vibaya. Nasema msimpe mtu timu kwa sababu ya deni ambalo hamjawahi hata kulijumlisha. Na kabla ya yote ulizeni hati ya kiwanja mnachochezea iko kwa jina la nani. Ardhi ya Malindi inanyakuliwa mchana, na timu isiyo na kiwanja haina cha kutetea.

Mashabiki wa Bury walilielewa hilo. Mwaka 2022, kwa ruzuku ya serikali na michango, walikomboa kwanza uwanja, na 2023 timu ikarudi kuchezea Gigg Lane, ngazi ya tisa. Ilikuwa imeshuka mno, lakini uwanja hauko tena mkononi mwa mtu mmoja.

Ombi langu ni hili: kabla ya usajili wa msimu huu, kila timu iliyopo hapa iite wanachama wake, mweka hazina asome deni lote kwa sauti, hata la mama wa mahamri. Sasa tuingie kwenye maswali, na naomba waanze waweka hazina.