Matamshi ya Kiswahili kwa mgeni: anza na mkazo, ng' itasubiri

Karibu. Video hii ni ya mwalimu anayefundisha Kiswahili kwa wageni, hasa wazungumzaji wa Kiingereza. Andaa kioo kidogo, kipande cha tishu na simu ya kurekodia sauti.

Walimu wengi, somo la kwanza tu la matamshi, hukimbilia ng'ombe. Mwache kwanza. Mgeni akitia g ndani ya ng'ombe, muuza maziwa atamwelewa na maziwa atapata. Lakini akisema "amekata" huku akikusudia "amekataa", habari nyingine kabisa imeshatoka mdomoni. Kwa hiyo tunaanza na mkazo.

Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likiongezwa kitu mwishoni, mkazo nao unasogea. Usimweleze sana; piga naye makofi. Kofi moja kila silabi, kofi kubwa penye mkazo. Tazama: SO-ma. So-ME-sha. So-me-SHA-na. Sasa NYU-mba. Nyu-MBA-ni. Mwingereza atataka kuubakiza mkazo kwenye "nyu", kwa kuwa maneno mengi ya kwao hupigwa mwanzoni. Makofi yatamkamata.

Sasa kata na kataa. Usimwambie "vuta a", maana atavuta popote. Mhesabie: KA-ta, makofi mawili. Ka-TA-a, makofi matatu. Vivyo hivyo KU-fa na ku-FA-a, na hapo mwenyewe ataona kwa nini tunasumbuka. Kabla hajatamka, pima sikio lake. Soma maneno kumi ukichanganya. Akisikia kata ainue kidole kimoja, akisikia kataa ainue viwili. Ziba mdomo kwa daftari asisome midomo yako. Asipofikisha manane, rudia kusikiliza. Kumlazimisha atamke tofauti asiyoisikia ni kumchosha bure.

Neno refu lijenge kutoka mkiani. Chukua "nitakutembelea". Akianzia mbele, pumzi inaishia kwenye "nitaku" na kilichobaki anakimeza. Mwambie afuate: lea. Mbelea. Tembelea. Kutembelea. Takutembelea. Nitakutembelea. Kila mara anatua mahali palepale, LE-a, na mkazo unakaa wenyewe.

Hatua ya pili ni m inayosimama peke yake. Mtu. Mgeni atasema "umtu" au "mutu", kwa sababu lugha yake haianzi neno kwa m iliyoshikana na konsonanti kama t. Mwambie afunge midomo, agune "mmm" kwa muda wa kofi moja, kisha afungue kwa "tu". M-tu, wa-tu. M-to-to, wa-to-to. Umoja na wingi vina idadi ileile ya makofi. Akiliona hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Mbuzi ni jambo jingine. Hapo mb ni sauti moja, mbu-zi, makofi mawili. Anayesema "imbuzi" mpe "na mbuzi" kwa haraka, nambuzi, nambuzi, halafu aseme "na" kimoyomoyo tu. Njia hiyohiyo inatibu ndizi na ngoma. Lakini mbu, mbwa, nchi na nje zinarudi kwenye kanuni ya mtu: silabi iliyobaki ni moja tu, basi m au n inabeba mkazo. M-bwa. N-chi.

Irabu sasa. Mpe kioo. Aseme "wewe" huku kidole kikigusa kidevu. Mwishoni mwa e, kidevu kikipanda na midomo ikitanuka, ametia i kwa nyuma: "weyi". Kwenye o atabana midomo aishie na u. Dawa ni kukata sauti mapema, kidevu kikiwa kimetulia. Kosa la pili ni kufifisha irabu isiyo na mkazo. A ya mwisho ya "sana" lazima isikike kama ile ya kwanza, tofauti iwe nguvu tu.

Tishu: ishike mbele ya midomo, umbali wa vidole vitatu. Sema "papai", "taa", "kaka". Kwangu inatikisika kidogo. Kwa Mwingereza inaruka. Aseme polepole, akizuia pumzi, hadi itulie. Mwambao hutofautisha paa wa porini, mwenye pumzi, na paa la nyumba, lisilo na pumzi. Kwa anayeanza nisingelifundisha hilo, ila kama anakwenda kuishi Unguja au Mombasa.

R ya Mmarekani hupinda ulimi nyuma. Habari njema ni kwamba sauti yetu anayo: ile anayoitoa katikati ya neno lake "water" anapozungumza haraka. Ncha ya ulimi inagusa ufizi mara moja na kuachia. Aichukue kutoka hapo, aipeleke kwenye "bara", kisha "habari".

Sasa ng'. Aseme neno la Kiingereza "singing", asimame katikati, ashikilie: nnng'. Abane pua. Sauti ikikatika, yuko mahali pake, maana hewa yote inapita puani. Aachie pua, aongeze a: ng'a. Kisha ng'ambo, ng'oa, ng'ombe. Mara nyingi g hujipenyeza pale irabu inapoanza, kwa kuwa nyuma ya ulimi inaachia kwa kishindo. Aishushe taratibu. Akishaipata, linganisha na ngazi na nguo, ambako g inatakiwa.

Mfaransa ana yake: humeza h, "abari", na husukuma mkazo mwisho wa neno. Makofi yatamfaa kuliko wote. Mwarabu hana taabu na dh, th wala gh, lakini p yake huwa b, na "nimepata" inageuka "nimebata". Mrudishe kwenye tishu, safari hii itikisike.

Akiwa anasimulia jambo, usimkatize kila kosa. Andika makosa matatu, mengine yaache yapite, myashughulikie akimaliza. Na mrekodi akisoma aya fupi, sekunde thelathini, wiki ya kwanza; aya hiyohiyo airudie baada ya mwezi. Mpe asikilize zote mbili mfululizo, kisha akuonyeshe mwenyewe ni wapi bado anateleza. Hapo ndipo mtakapoanzia kipindi kinachofuata.